Asiyekubali kushindwa si mshindani: Jinsi ya kuwafunza watoto wa Njoro wema na uanamichezo

Msimu wa michezo ya shule unapofika, viwanja vya Njoro hujaa tangu asubuhi. Watoto wa Lare hukutana na wa Kihingo, wa Mauche na wa Mau Narok, wa Nessuit na wa mjini Njoro. Timu inayoshinda kwenye kanda huenda ngazi ya kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo la Bonde la Ufa, na chache hufika mashindano ya kitaifa. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kutoka nje ya wadi yao bila wazazi.

Pembeni mwa uwanja huohuo kuna somo jingine linaloendelea. Mtoto aliyekosa penalti anasikia baba yake anasema nini. Refa anasikia anavyoitwa. Wachezaji wageni wanasikia majina wanayopewa na watazamaji, na mara nyingine majina hayo hayahusu mpira hata kidogo. Yanahusu lugha yao na wanakotoka.

Wengi wetu huamini kwamba michezo yenyewe humfunza mtoto adabu, subira na urafiki. Huweza kumfunza hivyo. Huweza pia kumfunza dharau, udanganyifu na chuki. Kinachoamua ni watu wazima walio karibu naye: mzazi, mwalimu, kocha na mtazamaji. Makala haya yanaeleza tunachoweza kufanya, nyumbani na shuleni, ili mchezo umwachie mtoto kitu chema.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Kaunti ndogo ya Njoro ina wadi sita: Njoro, Kihingo, Lare, Mau Narok, Mauche na Nessuit. Ndani yake wanaishi Wakalenjin, Wakikuyu, Waogiek, Wamaasai na jamii nyingine nyingi. Tunauziana viazi, ngano na maziwa. Tunapanga foleni moja hospitalini na kupanda matatu zilezile kwenda Nakuru.

Pia tunabeba historia moja. Katika miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walishambuliana katika sehemu za Njoro, nyumba zikachomwa na familia zikahama. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliofariki kote nchini katika ghasia za 2007 na 2008, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Watoto wanaocheza leo katika shule zetu za msingi hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Hata hivyo, wanajua. Wamesikia mezani, dukani na njiani. Mtoto wa miaka kumi akimtusi mpinzani wake kwa kabila, neno hilo hakulibuni yeye. Ameliokota mahali fulani, na uwanja umempa nafasi ya kulijaribu aone kama wakubwa watamkemea au watacheka.

Kila baada ya miaka mitano tunapiga kura, na kila uchaguzi una anayeshinda na anayeshindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo huwa midomoni mwa wanasiasa na viongozi wa dini msimu wa kampeni, lakini mtu hawezi kuanza kujifunza kushindwa akiwa na miaka 40. Kushindwa hujifunzwa kwenye mchezo wa kati, kwenye drafti, na kwenye mechi ya darasa la tano dhidi ya darasa la sita.

Kamba ileile

Mwaka 1954, mtafiti Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wa umri wa miaka kama 11, kwenye kambi katika mbuga ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Waligawanywa vikundi viwili. Mwanzoni kila kikundi hakikujua kwamba kingine kipo. Kisha wakakutanishwa katika mashindano ya besiboli, kuvuta kamba na michezo mingine, na mshindi aliahidiwa zawadi.

Baada ya siku chache mambo yaliharibika. Wavulana walitukanana, wakachomeana bendera na kuvamiana kwenye vibanda vya kulala. Hawakuwa na kabila tofauti wala ugomvi wa zamani. Mgawanyo na ushindani vilitosha.

Watafiti walijaribu kuwakutanisha kwa chakula na sinema. Haikusaidia, wavulana walirushiana chakula. Kilichobadilisha hali ni kazi ambazo kikundi kimoja hakingeziweza peke yake. Maji ya kambi yalikatika, wakalazimika kutafuta pamoja mahali palipoziba. Lori la chakula likakataa kuwaka, wakalivuta wote kwa pamoja, tena kwa kamba ileile waliyoshindania katika mchezo wa kuvuta kamba. Kufikia mwisho wa kambi wengi walikuwa marafiki.

Wachambuzi wa baadaye waliukosoa utafiti huo, wakisema watu wazima waliousimamia walichangia kuuchochea ugomvi. Kwetu sisi ukosoaji huo ni funzo la pili. Watoto hutazama wakubwa wanataka nini, nao hukitoa.

Hapa kuna jambo la kufikiria kwa kila anayeandaa mechi za amani, awe chifu, mhubiri, mwalimu au kikundi cha vijana. Tukichukua timu ya kijiji hiki, ambacho wakazi wake wengi ni wa jamii moja, tukaipambanisha na timu ya kijiji kile cha jamii nyingine, halafu tukaweka kombe katikati, huenda tumeongeza moto tuliotaka kuuzima. Afadhali tuwachanganye. Kila timu iwe na watoto kutoka pande zote mbili, wavae jezi moja, wapange mbinu pamoja, washinde au washindwe pamoja. Na kabla ya mpira kuanza, wapewe kazi ya pamoja: kufyeka nyasi za uwanja, kuchora mistari, kusimamisha milingoti ya goli, kupanda miti kando yake. Mtoto hamsahau haraka mwenzake aliyeshika naye upande wa pili wa mlingoti.

Nyumbani: shule ya kwanza ya kushindwa

Mtoto wa miaka minne au mitano akishindwa hulia, hugeuza ubao, au husema mchezo haukuwa wa haki. Hiyo ni hali ya umri wake, na kumpiga au kumcheka hakumsaidii. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, katika kitabu alichochapisha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyochunguza watoto wakicheza gololi, ambazo wengi hapa huziita bano. Aliona kwamba watoto wadogo huzichukulia kanuni za mchezo kama amri zilizotoka kwa wakubwa, zisizoguswa. Wanapokaribia miaka 10 hadi 12 huanza kuelewa kwamba kanuni ni makubaliano, na kwamba anayezivunja amewavunjia heshima wenzake. Kwa hiyo tumfunze mtoto kulingana na umri wake. Mdogo tumzoeshe kusubiri zamu na kumaliza mchezo hata akiwa nyuma. Mkubwa tumshirikishe kueleza kwa nini kanuni ipo.

Mambo haya yanawezekana katika nyumba yoyote, bila gharama:

Cheza naye, na usimwachie ashinde kila mara. Cheza drafti au bano, na ukishindwa wewe, mpe mkono useme, "Leo umenishinda, ulipanga vizuri." Kwa dakika moja atakuwa ameona namna mtu mzima anavyoshindwa bila kununa.

Angalia unavyotazama mpira. Watoto wengi wa Njoro wamejifunza matusi ya refa mbele ya televisheni, Arsenal au Manchester United ikicheza na mkeka wa mtu mzima ukichanika. Mtoto hawezi kumheshimu refa wa Jumamosi ikiwa refa wa Jumapili ameitwa mwizi sebuleni.

Badilisha swali la kwanza. Mtoto akitoka mechini, wengi huuliza, "Mlishinda?" Jaribu kuuliza, "Ulifurahia nini?" au "Nani wa upande ule alicheza vizuri?" Swali la pili humlazimu kumtazama mpinzani kama mtu mwenye kipaji. Ikiwa wameshindwa, mwache ahuzunike kwanza. Uchambuzi wa makosa unaweza kungoja hadi kesho.

Mfunze kuomba msamaha kwa vitendo. Kumshurutisha mtoto aseme "pole" huku amekunja uso hakufunzi kitu. Aseme alichofanya, amuulize mwenzake amsaidieje, kisha afanye. Aliyempasulia mwenzake mpira wa matambara akae naye wautengeneze upya.

Wema uwe kazi ya kila siku. Mtoto anayemtekea maji nyanya jirani, anayemsubiri mdogo wake njiani kutoka shule, au anayesaidia kutafuta ndama wa jirani aliyepotea, anajifunza kutambua shida ya mwingine kabla hajaombwa. Macho hayohayo ndiyo yatakayomwona mpinzani aliyeumia uwanjani.

Chunga mazungumzo ya mezani. Ukimzungumzia jirani wa jamii nyingine kwa dharau, mtoto haulizi kama ulikuwa na hasira tu. Anaweka akiba.

Shuleni: katika kila mchezo wa mapumziko

Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetaja maadili manane ya kukuzwa kwa mwanafunzi: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Orodha hiyo inaweza kubaki ukutani kama bango. Uwanjani ndipo inapopata uhai, maana huko mtoto anapaswa kuchagua kati ya kusema ukweli na kupata bao.

Tuanze na namna timu zinavyochaguliwa. Nahodha wawili wakisimama mbele na kuita majina mmoja mmoja, kila siku kuna mtoto anayebaki wa mwisho, na kila siku ni yuleyule. Mwalimu anaweza kugawa kwa kuhesabu, kwa mwezi wa kuzaliwa, au kwa kura ya vijiti. Dakika mbili zinatosha, na hakuna anayeaibishwa. Wasichana wapate uwanja kwa zamu sawa na wavulana. Mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi ya kucheza kwa namna anayoiweza. Asigeuzwe mlinzi wa sweta za wenzake muhula mzima.

Unahodha uzunguke. Kila mwanafunzi apate siku ya kuongoza na siku ya kushika kipenga. Mtoto aliyewahi kuwa refa wa darasa, akalalamikiwa na pande zote mbili, humwelewa refa vizuri zaidi kuliko aliyesomewa hotuba.

Kupeana mikono baada ya mechi ni desturi nzuri, ingawa mara nyingi hufanywa mbiombio bila kutazamana. Mwalimu aongeze jambo moja dogo: kila mchezaji ataje kitu kimoja kizuri alichokiona kwa mpinzani. Wapenzi wa raga wanaijua desturi ya timu mbili kupanga mistari kipenga cha mwisho kinapolia, na kupigiana makofi zinapotoka uwanjani. Watu waliokuwa wakigongana vifua kwa saa nzima huachana kwa heshima. Hakuna kinachozuia timu ya netiboli ya shule ya msingi kufanya vivyo hivyo.

Kisha kuna suala la mamluki, yaani wachezaji ambao si wanafunzi wa shule hiyo, au waliozidi umri unaoruhusiwa. Mwalimu au mzazi anayeficha tarehe ya kuzaliwa ili timu ifike ngazi ya kaunti anawafundisha wachezaji wote, si yule mmoja tu, kwamba uongo wenye faida ni halali. Pia anamnyang'anya nafasi mtoto aliyestahili kucheza. Kombe lililopatikana hivyo huwekwa kabatini, na watoto wanaolitazama kila asubuhi wanajua lilivyofika hapo.

Mifano ya kuwasimulia watoto

Watoto husikia hadithi kuliko hotuba. Hizi mbili ni za kweli, na zina Wakenya ndani yake.

Desemba 2012, katika mbio za nyika za Burlada, kaskazini mwa Uhispania, Abel Mutai wa Kenya alikuwa akiongoza kwa mbali. Miezi michache kabla yake alikuwa ameshinda medali ya shaba katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha vuka utepe, akapunguza mwendo. Mhispania Iván Fernández Anaya alikuwa nyuma yake na angeweza kumpita. Hakumpita. Alimwonyesha kwa ishara kwamba utepe uko mbele, akamsindikiza hadi Mutai akashinda. Fernández alieleza baadaye kwamba hakustahili ushindi huo. Kocha wake alikuwa na maoni tofauti: yeye angeitumia nafasi ile. Waulizeni watoto wenu wangefanya nini, na kwa nini. Waacheni wabishane.

Mfano wa pili ni wa jirani yetu. Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Miaka minne baadaye, mjini Sydney, walikimbia bega kwa bega hadi mwisho, na Tergat akashindwa tena kwa tofauti ya sekunde 0.09. Hakumgeuza Gebrselassie kuwa adui. Wawili hao wanajulikana kwa urafiki wao. Wala Tergat hakuacha kukimbia. Mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, saa 2 dakika 4 na sekunde 55, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya. Mtoto anayelia kwa sababu ameshindwa mara mbili na mtu yuleyule aisikie habari hii.

Pembeni mwa uwanja: kanuni kwa watu wazima

Kabla ya mechi, mwalimu au msimamizi anaweza kuwasomea watazamaji kanuni chache, kwa Kiswahili ambacho wote wanakielewa:

Mshangilie mtoto wako kwa jina lake, na upige makofi upande wa pili unapocheza vizuri. Mwachie kocha kazi ya kutoa maagizo. Usimfokee refa, ukiwa na malalamiko, mpitishie mwalimu wa michezo. Usiingie uwanjani isipokuwa umeitwa. Na mtu yeyote akitoa neno la kabila, walio karibu naye wamnyamazishe hapohapo, hasa wale wa jamii yake mwenyewe, kwa maana atawasikiliza wao upesi kuliko wengine.

Kanuni hiyo ya mwisho ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi, imeharamisha matamshi ya chuki ya kikabila. Haikuweka msamaha kwa yanayotamkwa mpirani.

Mambo yanapozidi

Kuna tofauti kati ya watoto waliogombana na mtoto anayeonewa. Ugomvi hutokea na kuisha. Uonevu hurudiwa, na anayeonewa hana nguvu za kujitetea. Ukiona mtoto ameanza kukataa kwenda shule, anapoteza vitu vyake mara kwa mara, au ameuacha ghafla mchezo alioupenda, keti naye umsikilize, kisha uende kwa mwalimu wa darasa. Mtoto anayeonea wenzake naye anahitaji kusikilizwa. Wengine hurudia wanayotendewa nyumbani.

Kumchapa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa sababu amekosa bao au timu imeshindwa ni kosa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au udhalilishaji, wa mwili au wa akili. Mtoto au mtu mzima anayetaka kuripoti dhuluma anaweza kupiga simu ya watoto, nambari 116, bila malipo, au kumwona afisa wa watoto, chifu, au kituo cha polisi kilicho karibu.

Tuanze Jumamosi hii

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea pamoja na shughuli na vifaa vya michezo. Hata hivyo, uwanja mzuri haumfundishi mtoto namna ya kumshika mkono aliyemfunga. Hiyo ni kazi ya aliyesimama karibu naye.

Kwa hiyo, mzazi, katika mechi ijayo fanya mambo matatu tu. Jifunze jina la mtoto mmoja wa timu pinzani na umpigie makofi. Msalimie mzazi wake, kwa kuwa huenda ni mtu unayekutana naye sokoni kila wiki. Na mtoto wako akishindwa, mbebee viatu, mtembee naye polepole hadi nyumbani, na usimhukumu. Asubuhi mrudishe mazoezini.